Kura tatu za wauza dagaa: kisa cha kupiga kura kwa hesabu Mwanza, Oktoba 2015

Kisa hiki ni cha kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaouza dagaa kwenye soko moja la ufukweni jijini Mwanza. Nimekuwa nikikitumia kwenye mafunzo ya elimu ya mpiga kura, na karibu kila mara ubishi huangukia pale pale: je, ni halali mtu kumpa kura asiyempenda ili kumzuia asiyempenda zaidi? Wengine huita huko ni kujiuza, wengine huita ni akili. Nadhani ubishi huo unaruka jambo moja. Mpiga kura wa Tanzania bara haingii kwenye kituturi na kura moja. Anaingia na karatasi tatu, na kila karatasi ina hesabu yake. Akina mama hawa walipiga hesabu nzuri kabisa, ila wakaiweka kwenye karatasi isiyo yake.

Majina nimeyaondoa. Nawataja kwa nafasi zao, na mambo madogo ya maisha yao nimeyabadilisha. Jimbo nalo silitaji. Ni mojawapo ya mawili ya jiji, Nyamagana au Ilemela. Wagombea watatu wa urais wanaotajwa zaidi humu, Magufuli, Lowassa na Mghwira, wote sasa ni marehemu, na huenda hiyo ndiyo sababu wahusika walizungumza nami kwa uwazi kuliko wangezungumza wakati ule.

## Usuli

Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya jiji la Mwanza yalikwenda CHADEMA. Nyamagana, Ezekiel Wenje alimwangusha Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ilemela akapita Highness Kiwia. Kule Ukerewe nako upinzani ulichukua. Kwa hiyo mtu wa Mwanza aliingia 2015 akiwa ameshaona kwa macho yake kwamba kura inaweza kumwondoa mkubwa, na kumbukumbu hiyo haikuwa ya kila mkoa.

Halafu 2015 ikavuruga mistari. Vyama vinne, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, viliungana chini ya UKAWA, yaani Umoja wa Katiba ya Wananchi, wakakubaliana kuachiana majimbo na kusimamisha mgombea mmoja wa urais. Julai CCM ikamteua John Magufuli, mtu wa Chato, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, ziwa hili hili la Mwanza. Kabla mwezi haujaisha Edward Lowassa, waziri mkuu aliyejiuzulu mwaka 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, akatoka CCM akaingia CHADEMA, na UKAWA ikampa bendera yake. Dkt. Willibrod Slaa, mgombea wa CHADEMA wa 2010 na ndiye aliyesoma ile orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga mwaka 2007, akajiweka kando. Profesa Ibrahim Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Hata Masha, aliyeng'olewa na CHADEMA, akahamia CHADEMA. Pembeni ya vurugu hizo kulikuwa na chama kichanga, ACT-Wazalendo, na mgombea wake Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wagombea wanane wa urais.

Sasa kanuni za kuhesabu, maana bila hizo kisa hakieleweki. Urais anachukua anayeongoza, hata kama hajafika nusu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo: mwaka 1995 mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura, na sharti hilo liliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Tangu hapo hakuna duru ya pili. Ubunge nao ni wa anayeongoza jimboni, lakini kura za ubunge zina kazi ya ziada ambayo wapiga kura wengi niliokutana nao hawaijui. Hukusanywa nchi nzima na kutumika kugawa viti maalum vya wanawake kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Kura ya mbunge aliyeshindwa, kwa maana hiyo, haifi jimboni. Kura ya rais aliyeshindwa inafia pale pale. Karatasi ya tatu ni ya diwani, nayo nitaifikia.

## Wahusika

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye vizimba viwili na kauli moja: hapa tunaleta hisa, siasa tunaziacha getini. Hakufanikiwa, lakini kauli hiyo ilisaidia baadaye.

Mhazini alikuwa mwanachama wa CCM tangu enzi za chama kimoja. Magufuli alimtaka bila kusita. "Huyu ni wa ziwani, huna haja ya kumweleza mwalo ni nini," alikuwa akisema, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki. Ila mbunge wa CHADEMA aliyekuwapo hakumchukia; alimwona anawasemea wachuuzi. Kwa hiyo moyo wake ulikuwa umegawanyika: rais huku, mbunge kule. Na hapo ndipo alipokutana na wimbo wa mafiga matatu, ambao CCM imeuimba miaka mingi: chungu hakikai juu ya mafiga mawili, mpe rais, mbunge na diwani wa chama kimoja.

Katibu ndiye aliyekuwa kwenye shida kubwa zaidi. Alikuwa CHADEMA wa damu, lakini CHADEMA yake ilikuwa ya Dkt. Slaa. Miaka minane alikuwa amesikia jukwaani jina la Lowassa likitajwa kwa ubaya, kisha ndani ya wiki moja akaambiwa ampigie kura. Alitamani kubaki nyumbani siku ya uchaguzi.

Binti, mtoto wa kaka yake Katibu, alikuwa amemaliza chuo na kumsaidia shangazi yake sokoni akisubiri ajira. Yeye alimtaka Anna Mghwira na chama chake, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu waliomcheka.

Wa mwisho hakuwa mwanakikundi. Ni tajiri mmoja, yaani mwenye mitumbwi aliyekuwa akiwauzia dagaa, mzee aliyeshuhudia chaguzi zote tangu vyama vingi virudi. Akina mama walimwita baba, wakamsikiliza nusu nusu.

## Mfululizo wa matukio

Kampeni zilianza tarehe 22 Agosti 2015. Wiki za kwanza kikundi kiliendelea kama kawaida, hisa zikaletwa, mikopo ikatoka. Kilichobadilika ni mazungumzo baada ya kufunga daftari. Zamani walikuwa wakizungumzia bei ya gunia, sasa wakawa wanazungumzia nani ana nyomi. Mikutano ya Lowassa ilikuwa ikiitwa mafuriko, na Mwanza haikubaki nyuma. Viwanja vya Furahisha vilijaa kwa kila mkubwa aliyepita, na kila upande ulirudi nyumbani na picha za simu kuthibitisha kwamba wake ndio waliokuwa wengi.

Kati ya kampeni alikuja mtu aliyejitambulisha kuwa anamwakilisha mgombea mmoja. Alisikia kikundi kina wanachama wengi na kila mmoja ana familia. Akaomba kikundi kitoe tamko la kumuunga mkono mgombea wake, naye angetunisha mfuko wao wa mikopo. Siku hiyo Mwenyekiti alimuuliza swali ambalo wanakikundi wote niliozungumza nao wanalikumbuka: "Kila shilingi kwenye sanduku hili ina jina la mtu. Hiyo ya kwako tuandike jina la nani?" Yule mtu akaondoka na bahasha yake. Kikundi kikakubaliana kwa mdomo kwamba hakitakuwa na mgombea, na asiyekubali aweke hisa zake kwingine.

Mwishoni mwa Septemba zikatoka kura za maoni. Twaweza, shirika la kiraia linalowauliza watu maoni kwa simu, walimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Ipsos, kampuni ya utafiti wa maoni, wakampa Magufuli 62 na Lowassa 31. Sokoni takwimu hizo zilipokelewa kulingana na mahitaji ya mpokeaji. Mhazini aliziamini. Katibu alisema zimepikwa, kwa sababu hakuna mtu sokoni aliyekuwa amepigiwa simu kuulizwa. Tajiri alizisikiliza redioni akasema jambo moja ambalo nimelirudia kwenye kila mafunzo tangu hapo: "Furahisha hawaulizi kadi mlangoni." Alimaanisha kwamba kwenye mkutano kuna watoto, kuna waliotoka majimbo mengine, kuna wasiojiandikisha, na kuna wanaokwenda kila mkutano kwa sababu kuna muziki.

Katikati ya Oktoba shangazi na mpwa wake wakafikia makubaliano yao. Walikuwa wakianua dagaa. Katibu alisema hatakwenda kituoni. Binti akamwambia, "Shangazi, ukibaki nyumbani hakuna atakayejua kama ulikasirika au ulilala."

"Kwa hiyo nimpigie huyo?"

"Usimpigie. Nipigie mimi. Rais mpe mama Mghwira. Mimi mbunge nitakupa wa CHADEMA, maana wetu najua hashindi hapa."

Katibu aliniambia kwamba alicheka, kisha akakubali. Hawakuandikiana, hawakuapizana. Makubaliano kama hayo hayana wa kuyasimamia, kwa kuwa kura ni siri, na hayakuhusisha hata senti moja. Nayataja haya kwa sababu mshiriki mmoja wa mafunzo aliwahi kuuliza kama si rushwa. Rushwa ya uchaguzi inataka kitu kitolewe ili kura inunuliwe. Watu wawili kushauriana namna ya kupiga kura zao ni mazungumzo tu.

Katibu hakuishia hapo. Alianza kuhesabu kura za ubunge kama anavyohesabu magunia: mume wake, mashemeji wawili, vijana wa mtumbwi wa tajiri. Wote CHADEMA. Akajiambia jimbo halitoki.

Jumapili tarehe 25 Oktoba ilifika. Uvuvi wa dagaa hutegemea taa, na taa hazina maana mwezi unapong'aa. Mwezi mpevu mwaka ule uliangukia tarehe 27, kwa hiyo siku ya uchaguzi wavuvi wengi wa dagaa walikuwa bara, wamepumzika, nyavu zimekunjwa. Inaonekana ni bahati nzuri, lakini kwa kundi la Katibu haikuwa. Uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole (BVR) ulikuwa umewakuta kambini, kisiwani Ukerewe, wakati wa giza. Kadi zao zilikuwa za huko. Mtu hupiga kura kituo alichoandikishwa, hivyo wanaume wote aliokuwa amewahesabu kwa jimbo la jiji hawakuwa na kura hata moja ya jimbo hilo. Wawili walipanda boti siku moja kabla wakaenda kupiga kura kisiwani. Waliobaki walitazama foleni.

Katibu na Binti walipanga foleni moja tangu alfajiri. Wote wawili wanasema walitimiza ahadi. Mhazini alipiga kura kituo kingine. Alichokiweka kwenye karatasi ya ubunge hajakisema hadi leo, nami sikumuuliza.

## Matokeo

Tarehe 29 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, alimtangaza Magufuli mshindi kwa kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46. Lowassa alipata 6,072,848, asilimia 39.97. Anna Mghwira alikuwa wa tatu kwa kura 98,763, ambazo hazikufika hata asilimia moja.

Majimbo yote mawili ya jiji la Mwanza yalirudi CCM. Ukerewe, walikokwenda wale wawili wa boti, CHADEMA ilishinda. Viti maalum viligawanywa kwa vyama vitatu tu vilivyovuka asilimia 5: CCM, CHADEMA na CUF. ACT-Wazalendo ilipata mbunge mmoja, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini, na ikapata kuongoza manispaa ya Kigoma Ujiji.

Kikundi chenyewe kilivunja mzunguko wake Desemba kama ilivyopangwa, kila mtu akachukua chake. Hakuna aliyekataa kulipa mkopo kwa sababu ya siasa. Vikundi vingine viwili sokoni hapo havikuwa na bahati hiyo.

## Uchambuzi: kukataa kuwa na mgombea

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililofaulu waziwazi, na kwa sababu waandaaji wengi wa elimu ya mpiga kura hulipita haraka. Kupiga kura kwa hesabu kunahitaji watu wazungumze ukweli wao: nani nampenda, nani siwezi kumvumilia, nani nadhani atashinda. Mazungumzo hayo hayawezekani pale kikundi kinapokuwa kimeshatoa tamko. Mwenye mkopo ataogopa kumpinga mwenye sanduku. Mwenyekiti hakuwa akifikiria nadharia yoyote. Alikuwa akilinda fedha. Lakini alichofanya kiliacha nafasi kwa Binti kusema anamtaka mgombea aliyechekwa na soko zima, na kwa Katibu kukiri kwamba chama chake kimemuumiza.

Wapo wanaosema kikundi kingepiga kura kwa pamoja kingekuwa na nguvu ya kudai jambo fulani kwa mbunge. Kwa hesabu ya jimbo la maelfu ya wapiga kura, kikundi kimoja cha soko hakina nguvu hiyo, na mtu wa bahasha alijua hivyo. Alichokuwa akinunua ni jina la kikundi kwa ajili ya jukwaani.

## Kubadilishana kulikokwenda kinyume

Makubaliano ya shangazi na mpwa yanapendeza kuyasimulia, na washiriki wa mafunzo huyapigia makofi. Tuyapime.

Katibu alitoa nini? Kura ya urais kwa Lowassa, ambayo hakuwa tayari kuipiga hata kama asingeombwa. Kwa hiyo hakutoa kitu. Alipata mbunge wake kuongezewa kura moja. Binti alitoa kura ya ubunge ya chama chake, akapata kura moja ya urais kwa Mghwira.

Kura ile ya urais ilifanya kazi gani? Ilikaa kwenye jumla ya wa tatu, basi. Kwenye urais wa anayeongoza anachukua, wa tatu hapati kiti wala duru ya pili. Kura ya ubunge aliyoitoa ndiyo pekee kati ya tatu ambayo ingeingia kwenye kapu la kitaifa la asilimia 5. Chama kichanga kinachotaka kuingiza wanawake bungeni hakina karatasi nyingine ya kukipeleka huko. Binti, aliyempenda Mghwira kwa sehemu kubwa kwa sababu alitaka kuona wanawake zaidi kwenye siasa, aliachia karatasi inayozaa viti vya wanawake.

Kwa lengo lake, mabadilishano yalipaswa kuwa kinyume: ubunge abaki na chama chake, na kama kuna karatasi ya kumwachia mtu mwingine, iwe ya urais. Karatasi hiyo angeweza kumpa Lowassa kama alitaka mabadiliko kuliko alivyompenda Mghwira, au kumpa Mghwira mwenyewe akijua kwamba anapiga kura ya kusema neno tu. Yote mawili yana heshima yake.

Hapa lazima nimtetee Binti kidogo. ACT haikuikaribia asilimia 5, kwa hiyo kura yake isingebadilisha viti. Na hoja yake ya ubunge haikuwa ya kipuuzi: kama jimbo lilikuwa la kubanana, kura ya wa tatu kwenda kwa wa pili ina kazi halisi. Swali ni kama alijua jimbo linabanana. Hakujua. Alijua tu kwamba mgombea wa chama chake hashindi, na hiyo ni nusu ya taarifa inayohitajika. Nusu ya pili ni umbali kati ya wa kwanza na wa pili. Wa kwanza akiwa mbali, kura uliyoihamisha imepotea mara mbili, kwako na kwake.

Katibu, kwa upande wake, alifanya sahihi kuliko anavyojidhania. Bado huniambia kwamba "alipoteza" kura ya urais. Tofauti kati ya wawili wa mwanzo ilizidi milioni mbili na laki nane. Hakuna kura ya hasira kutoka Mwanza ambayo ingeijaza, na yeye aliitumia kusema alichotaka kusema bila kumgharimu mbunge wake. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuamua kubaki nyumbani, karatasi mbili nyingine alizipata bure.

## Nyomi, simu na kadi

Kosa kubwa la kisa hiki ni la taarifa. Mtu anayepiga kura kwa moyo wake anaweza kwenda bila kujua wengine watapiga vipi. Anayepiga kwa hesabu hawezi. Akikosea kusoma nani yuko mbele, hesabu yake yote inageuka.

Kura za maoni zilimpa Magufuli zaidi ya alichopata na kumpunja Lowassa sana, hasa ile ya Twaweza. Katibu alikuwa na sababu ya kuzitilia shaka. Lakini zilikuwa sahihi kuhusu nani anaongoza, na mafuriko hayakuwa. Kuzikataa zote kwa sababu hakuna jirani aliyepigiwa simu ni kudai kwamba mpishi hawezi kuonja mchuzi mpaka amalize sufuria.

Lile la visiwani linaumiza zaidi, kwa sababu halikuhitaji mtaalamu. Katibu aliishi na watu hao. Alijua mwaka mzima wao unakwenda kwa giza na mbalamwezi, alijua waliandikishwa kambini. Hakuunganisha mambo mawili hayo kwa kuwa alikuwa akihesabu mapenzi ya watu na si vituo vyao. Kwenye pwani yote ya ziwa hili hesabu ya kura inayoacha kuuliza "kadi yako ni ya wapi?" haifai, na nashangaa vyama vyenyewe hurudia kosa hilo kila uchaguzi.

## Wakubwa nao hukosea

Isidhaniwe kwamba hesabu mbaya ni ya wauza dagaa. UKAWA, pamoja na mawakili na maprofesa wake, walishindwa kuachiana baadhi ya majimbo. Segerea, Dar es Salaam, CHADEMA na CUF kila kimoja kilisimamisha mgombea, na kiti kikaenda CCM. Pale wapiga kura waliobaki na mzigo wa kuamua nani ajitoe walikuwa ni wale waliokuwa foleni, dakika za mwisho, bila taarifa yoyote.

Mafiga matatu nayo tuyaangalie. Ni hoja ya kumfanya mtu kama Mhazini aogope kugawa karatasi zake. Kwa CCM ni hesabu safi: mgombea wa urais aliye maarufu Kanda ya Ziwa awabebe wabunge na madiwani. Kwa Mhazini si hesabu yake. Mbunge hashiki bajeti ya jimbo mkononi, na kumpenda rais hakumlazimishi mtu kumpenda kila aliye kwenye bango moja naye. Iwapo mwishowe alifuata mafiga au aliyavunja, alikuwa na haki zote mbili. Nachosema ni kwamba alipewa tishio likiwa limevaa nguo za hesabu.

## Ng'ambo ya ziwa

Washiriki kutoka Kisumu na Homa Bay husema kwao Binti angekuwa na hoja nyingine kabisa. Ni kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipita kwa asilimia 50.07. Kwa ukingo mwembamba kiasi hicho, kila kura ya wa tatu ni kura inayoweza kuwalazimisha wote kurudi. Mpiga kura wa Kisumu anayemtaka mgombea mdogo anaweza kumpa kwanza, kisha akaja kuhesabu kwenye duru ya pili kama ipo. Wa Mwanza hana kesho hiyo, na haikuwa hivyo kabla ya mwaka 2000. Ndiyo maana somo la kupiga kura kwa hesabu halihamishiki kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine bila kubadilisha kanuni zake, ingawa maji ni yale yale.

## Karatasi ya tatu

Nilipowauliza wanakikundi walijadiliana nini kuhusu diwani, kulikuwa na kimya, halafu kicheko. Hawakujadiliana. Katibu alimpa wa CHADEMA kwa mazoea. Binti alikumbuka akiwa tayari kwenye kituturi, akampa yule ambaye jina lake alilitambua.

Sasa tazama shughuli zao. Ushuru wa soko, vizimba, taa, choo, taka, mahali pa kuanikia: hayo yote hupita kwenye halmashauri, wanakokaa madiwani. Tofauti kati ya wagombea wa kata huwa mamia au maelfu machache ya kura, si mamilioni. Kwenye kata watu wa soko moja na familia zao ni idadi inayoonekana. Kama kuna mahali ambapo mtu wa bahasha angekuwa na sababu ya kuogopa kikundi hiki, ni hapo, naye alikuwa amekuja kwa ajili ya karatasi nyingine.

Na kwenye kata taarifa hazikosekani. Hakuna haja ya Twaweza. Akina mama hawa wanajua kila nyumba, nani ana kadi ya wapi, nani amelewa na nani amesafiri. Makubaliano ya shangazi na mpwa, yaliyokuwa tone kwenye urais, kwenye udiwani yangeweza kurudiwa kizimba kwa kizimba na kuleta jumla yenye maana, bila tamko la kikundi na bila bahasha.

Binti sasa anafanya kazi wilaya nyingine na kadi yake ameihamisha. Katibu bado yuko sokoni. Uchaguzi ukikaribia huanza kuuliza swali lile la kadi mapema, kabla uandikishaji haujafungwa, na mwenye mtumbwi anayeondoka kwenda kambini huondoka akiwa ameulizwa.